Ubeti wa Benki

Siku yangu ya kwanza kazini nilimpelekea tajiri chakula cha msaada. Nalisema mwenyewe kabla wanangu hawajaniwahi.

Ulikuwa mwaka ule mabenki ya Marekani yalipoyumba. Nilipata kazi ya fundi sauti kwenye ukumbi wa muziki wa kantri, Fort Worth, mimi ambaye nilikuwa sitoki nyumbani ila kwa kufukuzwa na mke. Asubuhi ya mazoezi wakanikalisha nyuma ya mikisa, meza ya vitufe vinavyopandisha na kushusha kila sauti. Jukwaani bwana mwenye kofia pana akaimba: kiwanda kimefungwa, benki imechukua nyumba, kisha serikali ikaibeba benki mgongoni, yeye ikamwacha barabarani. Machozi yakanitoka. Kwetu Morogoro aliyepatwa haendewi mikono mitupu. Jioni nikarudi na sufuria la pilau.

“Pole kwa nyumba, kaka.”

“Nyumba ninazo tatu,” mwimbaji akasema. “Ule ni wimbo tu.”

Bendi ilicheka hadi mpiga ngoma akaangusha vijiti. Ila yeye alikaa, akala.

“Kwenu mtu akipoteza nyumba, mnakwenda kweli?”

“Tunakwenda.”

“Basi wimbo huo usiushushe. Humu wamo ambao hawakuendewa na mtu.”

Nikajifunza kazi: spika za miguuni zinazomrudishia mwimbaji sauti yake, na namna ya kuua ule mluzi wa maikrofoni ikijisikia kwenye spika, kabla haujatoboa masikio. Fundi sauti mzuri, nilifundishwa, ni yule ambaye hakuna anayejua kama yupo. Hapo nilikuwa na kipaji.

Siku moja Meneja wa ukumbi akaniita. “Jumamosi wafadhili wetu ni watu wa benki. Ubeti ule wa benki ukifika, shusha maikrofoni. Utasema waya umekufa.”

“Sawa, bosi.” Ndiyo, nilisema sawa, tena haraka.

Jumamosi ubeti ukafika, kidole kiko juu ya kitufe. Mbele yangu mzee mmoja na mkewe walikuwa wakicheza polepole. Wakasimama. Mzee akavua kofia kama yuko mazikoni, mkewe akamshika mkono. Kidole changu kikagoma.

“Waya vipi?” Meneja alikuwa nyuma yangu.

“Mzima, bosi.” Nikapandisha kidogo.

Jumatatu sikuwa na kazi. Miezi saba mke wangu alifanya zamu mbili za kutunza wagonjwa majumbani ili kodi ya nyumba ilipwe, hadi nikapata kazi kwenye ukumbi wa mikutano, Houston, chini ya Msimamizi Mkuu aliyependa kimya kuliko sauti. Huko nilizeekea.

Vijana huniuliza ule wimbo ulirudisha nyumba ya nani. Hakuna. Ila wale wawili waliusikia hadi mwisho, na hilo nimelishika mpaka kustaafu.

Juzi nilimsimulia Mama Neema, jirani yetu Mkongomani hapa mtaani Gulfton, Houston, nikisubiri sifa. Akamaliza chai yake kwanza.

“Mzee, weye ulipigania nyumba ya watu, ya kwako ni mama wa watoto wako njo alilipa.”