Dhoruba ya Denmark Niliyoifuata Nikiwa Ibra

Shaka yangu ilianzia kwenye daraja. Asubuhi ile mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti akisema amefika kazini, upepo ni mkali lakini amevuka daraja salama. Na mimi dakika hiyo hiyo nilikuwa nimekodolea macho simu yangu, inayosema kwamba daraja lile limefungwa tangu alfajiri, halipiti gari wala baiskeli.

Nilimjibu, "Alhamdulillahi," nikaweka simu kando na kuendelea kumenya vitunguu.

Nijieleze kidogo, nisije nikadhaniwa nina roho mbaya. Mimi ni mtu wa shaka tangu utoto. Nimefundisha jiografia hapa Ibra, Omani, mpaka nilipostaafu, na mwanafunzi akiniambia ramani ameichora mwenyewe, kwanza nilikuwa nikimtazama vidole kama vina wino. Maziwa nayanusa hata kama tarehe yake haijafika. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata salamu mimi huigeuza upande wa pili nione imeandikwa nini.

Naishi na mama. Macho yake yamefifia, lakini masikio yake yanasikia paka akitembea juu ya ukuta wa jirani. Alitoka Unguja angali msichana, akaolewa huku, akatuzaa. Mwanawe wa kiume ni mmoja tu, kitinda mimba, naye alikwenda Denmark kusoma, akaoa huko huko na kubaki. Kila Ijumaa alikuwa akimletea mama sauti yake. Zamani tulikuwa tukimwona uso pia, halafu akasema kamera ya simu imeharibika. Mama haoni, kwa hiyo hakujali. Mimi nilijali, ila nilinyamaza.

Basi dhoruba. Nilianza kuifuata ingali fundo dogo la upepo kusini ya Aisilandi. Kuna ramani kwenye simu inayoonesha upepo kwa rangi, na mimi ramani ikishanishika hainiachii. Ilikuwa ya kijani, ikawa ya manjano, ikapita kaskazini ya Ayalandi ikiwa nyekundu, na ilipofika Uskoti ilikuwa zambarau. Huko meli za abiria zilifungwa gatini, na visiwa vidogo vikakaa bila maziwa wala barua. Paa la skuli moja lilionekana limelala kiwanjani, zima, kama mtu kalishusha kwa mkono. Norwe barabara za kando ya majabali zikafungwa, na katikati ya bahari wafanyakazi wa visima vya mafuta wakarudishwa nchi kavu.

Hapa kwetu tunajua nini maana ya upepo. Watu wa Sur, pwani yetu, mpaka leo wanasimuliana bahari ilivyoingia majumbani siku za tufani. Lakini tufani letu linazaliwa na joto la bahari, na lile la kwao linazaliwa pale hewa ya baridi inapogombana na ya vuguvugu. Na vuli ndiyo mbaya zaidi, nilimweleza mama, kwa sababu miti bado haijapukutisha majani. Mti wenye majani upepo unaushika kama unavyoshika buibui la mwanamke aliyesimama ufukweni, na ardhi imeshalowa, mizizi haina pa kujishikiza. Ndiyo maana treni zote zilisimama: miti imelala juu ya reli.

"Imefika wapi?" mama alikuwa akiuliza kila nikipita, kama anaulizia mgeni aliyeko njiani.

"Inaingia Denmark, mama."

"Na mwanangu?"

"Yuko kazini. Kasema amevuka daraja."

Hilo nililisema huku nimeuma meno. Nikarudi kwenye simu. Madaraja makubwa yamefungwa, viwanja vya ndege vimesimamisha safari, umeme umekatika pwani yote ya magharibi. Picha za bustani zilionesha zile neti za watoto za kurukia zimepaa mpaka kwenye nyaya za treni, nikacheka peke yangu jikoni. Mdogo wangu akanitumia sauti nyingine: "Dada, umeme hatuna toka asubuhi." Sauti safi, haina mkwaruzo. Nyuma yake hapakuwa na upepo. Hapakuwa hata na dirisha linalotikisika.

Nilipoanza kusikiliza upya yote aliyonitumia tangu jana, niligundua jambo lililoniudhi kweli kweli. Hakuna habari hata moja ya dhoruba aliyonipa yeye kwanza. Mimi nikimwambia treni zimesimama, baada ya nusu saa ananiambia treni zimesimama. Mimi nikimwambia miti, na yeye miti. Alikuwa ananirudishia maneno yangu mwenyewe.

Nikamtega. Nilimwandikia kwamba nasikia maji yamepanda mpaka kwenye soko la samaki bandarini kwao, na paa la soko limeng'oka. Mji ule hauna soko la samaki. Mimi na mama tulimtembelea mwaka mmoja, tukazunguka mji mzima tukitafuta samaki mwenye kichwa, mwisho tukala wa kopo.

Akajibu upesi, kama mtu asiyesoma vizuri anachoandikiwa. "Ndio dada, wallahi nimepita pale sasa hivi. Mabati yote chini."

Njia ya mwongo fupi, lakini mimi sikufurahi kuifikia mwisho wake. Niliogopa. Kwetu sisi habari mbaya haisemwi kwa simu. Mtu akifa au akiugua ugenini, jamaa wote wanakwambia yuko salama, anakusalimu, mpaka siku wanapokuja wengi kwa pamoja na kukaa karibu yako. Mimi mwenyewe nimeshawafanyia watu hivyo. Nikawaza labda yuko hospitali, anaumwa ugonjwa wenye jina. Labda amefungwa. Nikaanza kumtilia shaka hata jirani yetu aliyetuletea halwa asubuhi ile, nikajiuliza kwa nini aje leo na si jana. Na mama yuko chumbani, juu ya mswala, hajatia kitu kinywani tangu nilipomwambia dhoruba imefika kwa mwanawe. Ameweka nia ya kufunga mpaka ipite.

Saa sita ikapita, saa saba na saa nane, na zambarau bado imeikalia Denmark. Mama akaniita.

"Mwambie aadhini."

"Nani, mama?"

"Nduguyo. Unguja upepo ukizidi wanaume walikuwa wanatoka kuadhini, Mwenyezi Mungu akautuliza. Mwambie asimame mlangoni aadhini, aniletee nisikie."

Nikamwandikia mdogo wangu kama nilivyoagizwa. Ilichukua muda. Halafu ikaja sauti, mara tu baada ya msikiti wa nyuma ya nyumba yetu kumaliza kuadhini alasiri.

Ana sauti nzuri mdogo wangu, na utotoni alikuwa akipewa zamu ya kuadhini skuli. Mama alifumba macho, machozi yakamtoka. Mimi nikasogeza simu sikioni. Nyuma ya sauti yake palikuwa na adhana nyingine, mbali kidogo, ya kipaza sauti. Na nyuma ya hiyo pana ya tatu, imechelewa maneno mawili, inaikimbilia ya pili. Kisha mwangwi, ule mwangwi wa mlima wenye mawe ambao mtu aliyekulia mikoa yetu hii ya Sharqiyah au Dakhiliyah hawezi kuusahau.

Nikatafuta kila udhuru. Labda ni simu yake iliyowekewa adhana. Lakini simu haiadhini kwa sauti mbili zinazofukuzana, na haina mlima.

"Mashallah," alisema mama huku akijifuta. "Kumbe Denmark siku hizi wana misikiti mingi."

Nikaenda stoo, nikafunga mlango, nikampigia.

"Uko wapi?"

"Nyumbani, dada. Upepo..."

"Upepo gani? Hiyo alasiri ya wapi uliyonitumia?"

Nilisikia pumzi zake, na mbali mtu anapiga honi.

"Samail," akasema.

Samail. Nikienda Maskati nalipita bango lake barabarani. Nilikuwa nimemlilia mtu aliyeko mwendo wa saa moja na kidogo kutoka mlangoni kwangu. Nilipaswa kumshukuru Mungu kwamba yu mzima, na nilimshukuru, lakini hasira ilitangulia. Ningeweza kumpiga kwa mwiko kama alipokuwa mdogo.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

Akaeleza kwa vipande. Kampuni aliyokuwa akifanyia kazi ilifungwa. Mke akaondoka, na nyumba ilikuwa ya mke. Alirudi na begi moja, akaona haya kumfikia mama mikono mitupu baada ya miaka yote hiyo ya kuitwa yule wa Ulaya. Rafiki yake wa zamani akampa kazi kwenye duka la vipuri vya magari, akapata chumba. Alisema alitaka asimame kwanza ndipo aje. Mwezi ukazaa mwezi. Namba ya Denmark hakuibadilisha, na uongo ukiwa na namba yake hauchoki.

"Mimi namwogesha mama peke yangu," nikamwambia. "Nampeleka Nizwa kwa daktari wa macho peke yangu. Nawaambia watu ndugu yangu yuko mbali, msimlaumu. Kumbe uko Samail."

"Nisamehe, dada. Tafadhali usimwambie. Nitakuja kama natoka safari. Ataona nimekuja, basi."

Nilikuwa nimechoka, na mama alikuwa na njaa. Nikakubali.

Akangoja viwanja vya ndege vifunguliwe, maana nilimwambia vimefungwa, na mama husikiliza redio. Siku hizo mbili niliendelea kuifuata dhoruba sijui kwa nini, labda kwa sababu yenyewe haikunidanganya. Iliingia Uswidi ikalaza misitu. Ikavuka Baltiki, zambarau ikarudi nyekundu, na maji iliyoyasukuma kwa siku nzima yakageuka na kurudi, yakaingia miji ya pwani kutoka upande ambao watu hawakuutarajia. Huko ndiko walikopata hasara kubwa, wakati wenzao wameshaanza kufagia.

Alifika mchana wa jua kali, amevaa koti la baridi. Nilimtazama mlangoni jasho likimchuruzika masikioni, nikashindwa nicheke au nilie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Mama alimpapasa uso, kisha mabega, kisha koti. "Zito hili. Maskini, baridi imekula mtoto wangu."

Tukakaa kwenye majlisi, sebule ya wageni, nikaleta tende na kahawa, na yeye akaanza kumsimulia mama dhoruba. Miti yenye majani. Reli. Neti za watoto juu ya nyaya. Madaraja. Mama anatikisa kichwa, "Subhanallah, subhanallah," na mimi namimina kahawa, nasikia somo langu linasomwa na mtu ambaye hakuwapo darasani. Soko la samaki alilikwepa. Alinitupia jicho alipofika hapo, akaruka.

Zilikuwa siku njema, siwezi kusema uongo. Alimshika mama mkono kwenda msalani. Alimsomea. Mama alikula kama hajala mwaka mzima. Ila kila nilipomwona mama anacheka, kitu kilinikata ndani, kwa sababu najua mwisho wake, na yeye hajui.

Mwisho ukafika. Alisema ruhusa ya kazi imekwisha, ndege ni jioni. Mama hakulalamika. Alitia udhu, akaniomba msahafu, akasimama mlangoni.

Kwetu sisi tuliotokana na Unguja, msafiri hatoki hivi hivi. Mkubwa wa nyumba hushika msahafu juu ya mlango, msafiri akapita chini yake, akaombewa dua. Wenyeji wa hapa hutucheka kwa hilo, lakini mama hajawahi kuliacha. Ni mfupi, mikono yake inatetemeka, na ilimbidi asimame kwa ncha za vidole. Mdogo wangu akaokota begi, akainama. Nilimwona uso. Alikuwa mweupe kama karatasi, lakini mguu aliunyanyua.

"Mama," nikasema, "huyu hasafiri."

Mguu ukabaki hewani, halafu akaurudisha chini.

"Hasafiri?" Mama hakushusha mikono. "Unasema nini wewe?"

Nilingoja aseme mwenyewe.

"Nipo Samail, mama. Sina kazi Denmark, wala mke, wala nyumba. Nipo Samail tangu kabla ya Ramadhani."

Nilisikia mtambo wa baridi wa jirani unaunguruma. Mama alikuwa amegeuza macho yake yasiyoona kuelekea mahali sauti ilipotoka.

"Kwa hiyo Ramadhani nzima," akasema polepole, "kila nikifungua kinywa nilikuombea dua ya msafiri."

"Ndio, mama."

"Na Idi?"

"Idi nilikuwepo, mama. Nilisali Samail."

Nilidhani sasa atalia, au atamwambia aondoke, na sijui lipi ningelistahimili. Mikono ilikuwa ikimtetemeka vibaya, na nilipojaribu kuupokea msahafu alinisukuma kwa kiwiko.

"Pita," akamwambia.

"Mama, mimi..."

"Pita, nimesema. Ukifika nje geuka, uingie ndani."

Akapita ameinama, begi mkononi, akatoka mpaka kwenye jua la ngazi. Akasimama huko kidogo, kisha akageuka na kuingia, na ndipo mama aliponiambia mikono inamuuma, nimpokee msahafu.