Alikuwa Akiamka Saa Kumi na Moja

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiswahili alituandikia ubaoni tabia za waandishi waliofaulu. Mwandishi huamka kabla ya jua. Mwandishi hufunga mlango. Mwandishi huketi mahali pamoja, saa zilezile, kila siku, awe na la kusema au asiwe nalo. Nilizinakili zote kwenye shajara yangu na nikaanza kuzifuata wiki hiyohiyo. Mimi ni mtu wa kuamini kitu kikishaandikwa kwa chaki.

Kuamka niliweza. Baba alikuwa akiamka saa kumi na moja, na harufu ya shati linalopigwa pasi ndiyo iliyoniamsha. Mlango ndio ulionishinda. Tunaishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, Nairobi, upande wa mtaa wa Umoja unaopakana na mtaa wa Tena, na mlango ukifungwa ndani tunabaki wanne: baba, mama, mdogo wangu na mimi. Basi nilikuwa nakaa kitandani, mgongo ukutani, shajara magotini. Baba alikuwa akifunga vifungo huku akininong'oneza, "Mwandishi, umeamkaje?" Sikuwa namjibu. Nilidhani mwandishi akiandika hajibu watu.

Kisha mwalimu akatupa kazi: chagua mwandishi mmoja aliyefaulu, ueleze jinsi anavyofanya kazi. Wenzangu walinakili kutoka kwenye simu. Mimi niliandika kuhusu mama wa saiba.

Mama wa saiba ana duka la kompyuta mbili za mtandao, ndiyo saiba yetu, chini ya jengo letu. Watu huenda kwake kuchapisha vyeti na kujaza fomu, lakini anachojulikana nacho ni wasifu wa marehemu, kile kijitabu chenye picha mbele ambacho watu hupewa wakati wa mazishi. Hakuna nyumba kwetu isiyokuwa na kazi yake. Iko kabatini, pamoja na kadi za kliniki na vyeti vya ubatizo. Nilikuwa nakaa kwenye benchi lake kila likizo kwa sababu pale hakuna anayeniuliza kitu, na nilikuwa nimemtazama vya kutosha.

Aliandika asubuhi tu. Aliandika kwa penseli kwanza, nyuma ya vijitabu vilivyochapishwa vibaya, hivi kwamba upande wa pili kulikuwa na uso wa marehemu mwingine. Alikunywa chai ya rangi bila sukari mpaka amalize. Na hakuanza na kuzaliwa. Aliwauliza waliofiwa swali moja: marehemu alikuwa akiamka saa ngapi, na akishaamka alifanya nini kwanza?

"Kuzaliwa, kila mtu amezaliwa," alikuwa akisema. "Niambie asubuhi yake."

Akimaliza, hakuchapisha kabla ya kuwasomea wenye msiba kwa sauti. Kisha aliuliza, "Kuna uongo hapo?" Wengine walisema toa hiyo ya pombe, toa yule mke wa kwanza. Alitoa. "Mimi naandika tu," alikuwa akisema. "Mtu ni wenu."

Hayo yote niliyaandika. Mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa akiwa ameishika kwa ncha za vidole. "Nimewaomba waandishi," akasema, "huyu ametuletea mwandishi wa matanga!"

"Mwalimu," kijana mmoja wa nyuma akadakia, "huyo vitabu vyake mhusika mkuu lazima afe!"

Walicheka mpaka darasa jirani wakagonga ukuta. Tangu siku hiyo jina langu likawa Matanga. "Niaje, Matanga? Leo unazika nani?" Daftari la insha nililitupa chini ya kitanda, na baba alipoomba madaftari ya zamani yaliyobakiwa na kurasa tupu, nikampa hilo pamoja na mengine mawili.

"Ni ya kazi," akasema. Baba alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Nilidhani kiwandani hawana karatasi.

Likizo ya Desemba mama alinituma soko la Gikomba kutafuta sweta ya shule. Nilikuwa katikati ya vibanda vya makoti, sweta tayari mkononi, nikasikia nyuma, "Pisha mzigo! Chunga mguu, dadangu, miguu hatuuzi hapa!" Nikageuka. Mkokoteni ulikuwa umerundikwa marobota ya mitumba, wanaume wawili wakisukuma nyuma, na mmoja mbele akiuvuta, kifua chake kikiwa kimekaza kwenye ile fimbo ya mbele. Yule wa mbele alikuwa baba.

Alikuwa amevaa fulana iliyotoboka ambayo sijawahi kuiona ikianikwa kwetu. Aliinua kichwa kwa sababu mkokoteni haungepita mpaka mimi nitoke njiani. Tukatazamana. Nikatoka njiani. Akainamisha kichwa tena, akavuta.

Jioni alirudi na shati lake lenye mistari ya pasi na chupa yake ya chai kwapani. Akaketi, akavua viatu, akaniuliza, "Sweta imekutosha?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia nilienda kununua sweta.

"Imenitosha," nikasema.

Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyowahi kuwa nayo juu ya jambo hilo. Nilikuja kuelewa kwa msichana wa darasa letu ambaye mjomba wake alikuwa kiwanda hichohicho. Walikuwa wamepunguza watu karibu mwaka mzima kabla ya hapo, baba akiwamo. Mwaka mzima baba alikuwa akipiga pasi, akijaza chai, akiaga. Niliandika hayo katika shajara yangu na nikanyamaza. Mama hakujua. Nilimwona akimsifu kwa majirani, mwanaume asiyekosa kazi hata akiwa na homa, nami nikawa nageuza uso kama aliye na mafua.

Mwaka uliofuata, baridi ya Julai, baba alianza kukohoa. Wiki tatu. Mara ya mwisho nilipomwona wodini, aliniuliza kama bado naamka mapema. Nikaitikia kwa kichwa. Hata siku hiyo sikutoa sauti.

Siku za matanga mama alikuwa akingoja watu wa kiwandani. Kila geti lilipolia aliinua shingo. "Miaka kumi na tano!" alimwambia shangazi, dada yake baba aliyekuja kutoka kijijini kwetu magharibi. "Miaka kumi na tano, hata simu moja?"

"Watu wa kampuni ndivyo walivyo, mke wa ndugu yangu," shangazi akasema. "Ukianguka wanatafuta mwingine."

Mimi nilikuwa naosha vikombe. Simu ya baba ilikuwa mfukoni mwangu, na siku ya pili ililia. Sauti nzito ikauliza mwenye simu yuko wapi, mbona amepotea. Nikasema amefariki, ibada ni Ijumaa asubuhi kanisani, nyuma ya soko. Nikakata. Ninaogopa simu, sikuuliza ni nani.

Asubuhi iliyofuata mama alinichukua twende kwa mama wa saiba.

"Pole, dada," mama wa saiba akamwambia, akamsogezea kile kiti kisichoyumba. Mimi nikakaa kwenye benchi langu. Akachukua penseli, akageuza kijitabu cha mtu mwingine. "Alikuwa akiamka saa ngapi?"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu hospitali. "Saa kumi na moja! Hata Jumapili. Anapiga pasi shati mwenyewe, hataki niliguse. Anajaza chai. Kisha anamwamkia huyu," akanionyesha kwa kidevu, "lakini huyu akiandika ni kiziwi."

"Halafu?"

"Halafu kazini."

Penseli ikasimama. Mama wa saiba akanitazama. Hakuwa anajua lolote. Ni tabia yake tu, akifika kwenye habari za kazi ya marehemu huwatazama wenye msiba wote, maana hapo ndipo wenye la kuficha hukohoa. Mimi sikukohoa.

Kesho yake alitusomea. Ilikuwa nzuri. Pasi ilikuwamo, chai ilikuwamo, hata kiziwi wa kitandani alikuwamo. Kisha: "Alifanya kazi katika kiwanda cha mabati kwa miaka kumi na tano, hadi alipougua." Akaweka karatasi chini. "Kuna uongo hapo?"

"Hakuna," mama akasema. "Lakini ongeza kwamba hakuwahi kuchelewa."

Akaongeza. Halafu akanigeukia. "Na wewe, unayeandika kila siku? Kuna uongo?"

"Hakuna," nikasema.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa namlinda mama, au namtunzia baba siri yake. Yote mawili yangekuwa mazuri. Ukweli ni kwamba nilifikiria wanafunzi wa darasa letu ambao wangekuja Ijumaa na kusoma kile kijitabu. Jina la Matanga lilikuwa limenitosha. Sikutaka kuitwa Mkokoteni.

Ijumaa kanisa lilijaa. Wimbo wa pili ulipoanza, wanaume watano waliingia wakasimama nyuma kabisa. Mashati yao yalikuwa safi, yale ya mtumba yenye alama za kukunjwa, lakini mikono yao ilikuwa imekakamaa kama gome. Mtu akawapa vijitabu. Kijana wao akafungua, akawa anafuata mistari kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, akarudi mwanzo, akaanza tena.

Mama aliwaona. "Hao ni wa kiwandani," akamnong'oneza shangazi, akinishika mkono. "Wamekuja!" Ibada ilipoisha alienda kwao moja kwa moja, mikono yote miwili mbele. Nikamfuata.

"Mmetoka kiwandani, sivyo?"

Wanne wakamtazama mzee wao. Mzee akatazama kijitabu alichoshika, akanitazama mimi, akavua kofia.

"Ndiyo, mama," akasema. Nikaitambua ile sauti ya simu. "Tumetumwa. Pole sana. Alikuwa mtu wetu."

"Nilijua! Nilijua hawawezi kumsahau." Mama akalia palepale, ameshika mkono wa yule mzee. Kisha akajifuta. "Msiondoke. Nawapakulia mwenyewe." Akaenda haraka kuelekea kwenye masufuria, akimwambia kila aliyempita, ni wa kiwandani wale.

Mzee akanigeukia. "Ni wewe wa insha ya mama wa saiba?"

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa daftari langu la kidato cha pili, jalada limechakaa kwa jasho.

"Mwalimu alitusomea hii tukingoja mizigo. Ndivyo tulivyomwita babako, Mwalimu, kwa ajili ya lile shati. Huyu kijana ameihifadhi yote kichwani."

"'Kuzaliwa, kila mtu amezaliwa,'" kijana akasema bila kutabasamu. "Hapo tulikuwa tunacheka mpaka wenye mali wanatufukuza."

"Asubuhi alikuwa akiandika zamu humo nyuma, nani atangulie, nani afuate. Hatukugombana tena. Lirudi kwenu." Mzee akakunja kijitabu cha mazishi mara mbili, polepole, akakitia mfukoni. "Humu hatumo," akasema. "Si neno. Labda ndivyo alivyotaka."

Wakaondoka kabla mama hajarudi na sahani.

Nililisoma daftari njiani tukipeleka mwili kijijini kuzika. Mbele, insha yangu, na wino mwekundu wa mwalimu. Nyuma, mwandiko wa baba, kila siku, zamu za watu watano na yeye wa sita, na chini ya zamu mstari mmoja. *Mvua. Tumekaa tu. Makoti, mzigo mzito, goti linauma. Leo tumesoma tena ya mama wa saiba. Leo binti yangu amenipisha njia.* Mahali pamoja, saa zilezile, kila siku, awe na la kusema au asiwe nalo.

Tulirudi Nairobi wiki iliyofuata. Jumatatu asubuhi niliamshwa na harufu ya pasi, nikasahau, kidogo niseme shikamoo. Alikuwa mama. Alikuwa akinyoosha gauni lake la kanisani.

"Naenda kiwandani kuwashukuru," akasema. "Watu watano si mchezo."

Nilimtazama akivaa. Nilimtazama akifunga kitambaa kichwani mbele ya kile kioo kidogo. Nikamwona akilini akiwa getini pa kiwanda, akimweleza mlinzi habari za wanaume watano, na mlinzi akicheka au, vibaya zaidi, akimhurumia.

"Mama."

"Nini?"

"Keti kidogo. Nikusomee kitu."

"Nikirudi."

"Kabla hujaenda."

Nadhani ni sauti yangu iliyomfanya aketi. Haikuwa kubwa. Nilianza na daftari la baba, kutoka nyuma. Mahali ambapo hakuandika kitu nikasoma shajara yangu: mkokoteni, fulana, sweta, benchi la mama wa saiba, neno langu "hakuna" na sababu yake. Mdogo wangu aliamka nyuma ya pazia, nikaendelea kusoma. Sikuinua macho hata mara moja. Nilipomaliza nilijua swali linalopaswa kuulizwa, lile la mama wa saiba, kama kuna uongo hapo, lakini halikutoka.

Pasi ilikuwa bado inawaka. Mama aliinuka akaichomoa kutoka ukutani, akasimama hapo, mgongo kwangu, waya mkononi.

"Wale watu watano," akasema mwishowe. "Walikula?"

"Hawakukaa, mama."

"Nilikuwa nimewapakulia," akasema.