Kutu ya Papa Onésime

Papa Onésime alikuwa na adui mmoja tu duniani, naye ni kutu. Tangu ujana wake alikwangua mabehewa katika karakana ya reli ya Kalemie, mji wa kando ya ziwa, akasugua, akapaka mafuta, na kutu ikarudi kumcheka. Jumanne na Alhamisi jioni alikwenda kucheza judo na wazee wenzake wenye vitambi. Huko alifurahi kupita kiasi. Nyumbani alirudi akiguna.

Na aliguna kwa ufundi. Alianzia mlangoni, akaendelea mpaka kitini, na mkewe, Mama Hélène, akachemsha maji na kumkanda mgongo kwa taulo mpaka mzee akasinzia. Jioni hizo bidoni, madumu ya maji ambayo siku nyingine aliyabeba mzee, zilibebwa na Mama Hélène.

Ndipo akaja Nadine, mwanafunzi wa udaktari, akitaka kujua judo inafanya nini ndani ya damu. Aliwakalisha wazee kwenye tatami, ile mikeka ya kuangukia, akawaeleza.

"Mutu akifanya mazoezi ya nguvu, ndani ya mwili kunatokea kitu madaktari wanaita stress oxydatif. Niseme ni kama kutu ya chuma. Inapanda kidogo, na mwili uliozoea unajua kupigana nayo. Nitawatoa damu mbele ya mazoezi na nyuma yake."

Ili apate wa kulinganisha naye, alimweka pembeni mtu asiyecheza: Lambert, karani wa bandarini, kaka yake Mama Hélène. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye benchi, na aliifanya kwa moyo wote.

Ni Lambert huyo aliyepeleka neno la kutu kwa dada yake. Mama Hélène alimngoja mumewe ameze tonge.

"Papa, nimechoka kukukanda. Wakiona kutu imepanda katika damu yako, ile kimono yako ya judo nitadekia nayo nyumba."

Hakuwa anatania, na Onésime alijua. Bila judo angebaki na behewa na kiti.

Asubuhi ya kupimwa alifikiri kwa akili ya karakana. Kutu inashindwa na nini? Mafuta. Mama Hélène alipotoka kwenda sokoni, mzee alishika chupa ya mafuta ya mawese akanywa kikombe kizima, halafu akaongeza kidogo kwa ajili ya magoti.

Damu ya kwanza ilitolewa salama. Wazee wakapanga mstari, wakainama kusalimiana, na katika kuinama huko tumbo la Onésime likazungumza. Aliinuka polepole, akatoka kwa heshima zote, akajifungia chooni. Wenzake waliangushana mpaka wakalowa jasho, yeye akiwa bado huko anapambana na yake. Aliposikia Nadine anaita watu, alipita bombani, akajimwagia maji usoni, akaingia akihema na kunyoosha mkono wake kama bingwa.

Majibu yalikuja baada ya majuma kadhaa, siku ambayo wake zao pia walialikwa.

"Kwa wote waliocheza imepanda kidogo, haitishi," alisema Nadine. "Wawili tu haikupanda hata kidogo: Papa Lambert, aliyekuwa amekaa, na Papa Onésime. Yake sielewi. Ni kama alikuwa amekaa naye."

Wazee walimpigia makofi. Onésime akainua kidevu. Mama Hélène hakupiga makofi, na mwenye akili angeogopa.

Njiani alimuuliza kwa upole, "Kumbe judo haikuchokeshe hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

"Basi ile kuguna ya Jumanne njo ya nini?"

Angeweza kutaja choo, lakini angepimwa upya, na kimono ingerudi hatarini. Akaongeza mwendo.

"Na mawese yangu yaliyopungua siku ile ya kupimwa?"

"Yalimwagika," alisema Onésime, akitazama ziwa.

Jumanne iliyofuata rafiki yake Elysée alimwangusha kweli kweli, na mgongo ukalia. Alifika mlangoni akiwa amepinda, akafungua kinywa. Bidoni mbili tupu zilikuwa zinamngoja. Mama Hélène alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwani, hakuinua hata macho.

"Bomba liko wazi, Papa. Na weye haunaga kutu."

Onésime akafunga kinywa, akabeba bidoni, akashuka kuelekea bombani huku akipiga mluzi, maana ndiyo njia pekee ya kuguna aliyokuwa amebakiwa nayo.