Kifaru Kilichokwenda Kinyumenyume

Chasib Mizban alizaliwa Amara, kwenye vinamasi vya kusini mwa Iraki, katika nyumba ya matete, katikati ya nyati wa kufugwa na mbu. Jeshi lilipomchukua aliomba upishi. Wakamtupa karakana ya vifaru kaskazini ya Baghdad, akakaa huko mpaka mvi zikamtoka, akiua kifaru kimoja ili kingine kiishi. Vipuri kutoka Urusi vilikuja kwa kudra. Akitaka pampu, alikwenda uwanja wa nyuma, akachagua maiti ya kifaru iliyonona, akaifungua.

Vita na Iran vilipokuwa vinakaribia kwisha, wakubwa wakataka kifaru cha taifa. Kuunda kipya hakuna aliyejua. Mhandisi Luay, mkuu wa karakana, mtu mpole, akachukua cha Kirusi cha zamani, akakivisha mzinga mkubwa zaidi. Kikawa kizito. Wakaongeza mabamba ya chuma, kikazidi kuwa kizito. Wakakitia na darubini iliyong'olewa kwenye kifaru cha Kiingereza. Giaboksi ikabaki ileile.

"Abu Karrar," Luay alimuuliza Chasib, akimwita kwa jina la mwanawe, "itabeba?"

"Punda wa mjomba wangu alibeba friji, bwana mhandisi. Mara moja tu."

Asubuhi ya maonyesho, jenerali keshaketi jukwaani anakunywa chai, gia zote za mbele zikafa. Ikabaki rivasi. Luay akaketi mchangani, akaanza kutaja majina ya watoto wake. Aliyemwaibisha jenerali yule alipelekwa mstari wa mbele, tena hapo ana bahati.

"Inuka, bwana," Chasib akamwambia. "Kichwa cha kifaru si kinazunguka? Tugeuze mzinga uelekee nyuma, kwenye injini. Matako yawe uso."

"Umerogwa wewe?"

"Una gia nyingine mfukoni?"

Wakageuza mzinga, wakafunika bomba la moshi kwa bendera. Chasib akashika usukani, mgongo wake ukitangulia kule anakokwenda, haoni kitu. Luay alichomoza kichwa juu, akimwongoza kwa redio.

"Kushoto! Kushoto kwangu, si kwako! Ee Mola wangu, wapiga tarumbeta!"

Wapiga tarumbeta walijiokoa. Ngoma yao kubwa haikubahatika.

Jenerali akashuka jukwaani, akakizunguka kifaru, akagonga bamba kwa kifimbo.

"Injini iko mbele?"

"Naam, bwana mkubwa," Chasib akajibu.

"Inamkinga askari. Nani kabuni?"

Chasib akapiga saluti. "Ni huyu hapa, bwana mkubwa. Wazo lilimjia ghafla, ameketi zake chini."

Jenerali akaagiza mia moja.

Luay akavishwa nishani, na tangu siku hiyo hakupata usingizi. Yeye na Chasib walijivuta miaka miwili na zaidi, wakidai vipuri ambavyo dunia haikuwa navyo, mpaka vita vya Kuwait vikaja na kila mtu akasahau. Karakana ilipolipuliwa kwa mabomu, Chasib alivua magwanda, akarudi Amara kufuga nyati.

Luay alimtafuta miaka baadaye, kapungua, kavaa kanzu. Wakakumbatiana hadi wote wawili wakalia.

"Ndiye aliyekuwa mkubwa wako?" Nashmiya, mke wa Chasib, akauliza, akiandaa mkate na siagi ya nyati.

"Hapana, dada," Luay akasema. "Mimi nilikuwa abiria wake."

Chasib akacheka, akamwambia asogee kivulini, chai inapoa.