Siku Tulipokubali Kuwa Watu wa Shamba

Nakumbuka siku ile watu wa ramani walipofika kwetu, ukingoni mwa mto Pangani, nami nina mimba ya mamako. Mwanangu, umekuja kuniaga kwamba umepata kazi ya kutenga maeneo ya sensa, kishikwambi kipya mkononi, uso umekunjuka kwa furaha. Hata mimi nimefurahi, mjukuu wangu. Lakini tangu ulipolitaja jambo hilo moyo wangu umekataa kutulia, basi kaa nikueleze kwa nini. Hiyo chai kunywa taratibu.

Kijana aliyekuja enzi hizo alikuwa mpole, suruali imejaa matope ya mikoko mpaka magotini. Alitueleza kazi yake. Kitongoji chetu kilikuwa na nyumba chache, hakikutosha kuwa eneo peke yake, kwa hiyo lazima kiunganishwe na jirani. Majirani walikuwa wawili: mji wa Pangani, kule ng'ambo ya mto, ama kijiji cha minazi nyuma yetu, ambako mtu huenda kwa miguu bila kuvuka maji. Watu wa eneo moja wakishahesabiwa, alisema, ndipo serikali hutazama wana shule gani, na kama wana hospitali au hawana. Kisha akawauliza wanaume waliokaa barazani wao ni wa upande gani.

Walimjibu kwa sauti moja kwamba ni watu wa mjini. "Ijumaa twaswali kule," akasema babu yako Bakari, "na wazee wetu wamezikwa kule. Hao wa nyuma ni watu wa shamba, hatuingiliani."

Unacheka, lakini kwetu halikuwa jambo la mzaha. Mtu wa kwetu ukimuuliza kwao wapi, hukutajia msikiti anakoswali Ijumaa na makaburi ya babu zake. Kanzu ya kubadilisha hatukuwa nayo, ila uungwana tulikuwa nao tele! Kijana wa watu akaandika alivyoambiwa.

Mimi nilikuwa uani na mavyaa wangu, mamake Bakari, tunakuna nazi. Nilisikia kila neno. Miezi michache kabla, wifi yangu Mwanaidi alishikwa na uchungu, akalazwa ufukweni kungoja kivuko kilichokuwa upande wa pili. Mtoto hakungoja kivuko. Tulirudi na kichanga hakina uhai, kimefungwa kwenye khanga. Tangu hapo nilikuwa nikisikiliza maji kila nilalapo, najiuliza yatakuwa yamejaa au yamekupwa siku yangu itakapofika. Niliogopa, mwanangu, wala sikuwa na wa kumwambia, maana bibi arusi wa juzi hazungumzi mambo hayo mbele ya watu.

Mavyaa aliiacha nazi yake nusu. Hakuwa mtu wa kujitokeza mbele ya wanaume wageni. Siku zote akisema nao huwa nyuma ya pazia. Siku ile alijitanda khanga akatoka hadi barazani, mikono ingali na machicha.

"Bakari, umeulizwa waswali wapi?"

"Mama, mgeni ameuliza kwetu ni wapi."

"Basi na mimi nakuuliza. Mkeo huyu akishikwa na uchungu utampeleka wapi? Ukiandikwa mtu wa mjini, serikali itasema hospitali unayo tayari, taa zake waziona pale ng'ambo. Nani atakujengea nyingine? Huko nyuma kwa watu wa shamba hakuna, wao ndio watakaojengewa. Mwanaidi naye alikuwa akiziona taa hizo."

Mzee mmoja alinung'unika kwamba tukichanganywa na watu wa shamba, binti zetu watakosa wa kuwaoa mjini.

"Kwanza wazaliwe," mavyaa akamwambia.

Kijana aliweka kalamu chini. Alisema kubadilisha anaweza, ila wenyewe wakubaliane, tena wakubaliane sasa, kwa sababu mashua ya kumrudisha yataka kuondoka kabla maji hayajakupwa. Nilisimama mlangoni nikamtazama mume wangu, naye akatazama chini. Bakari alikuwa mtu wa kujiona, Mungu amrehemu, hata fulana ya ndani aliitia pasi. Nikajua hatasema kitu. Kijana akaanza kukunja ramani yake.

"Tuandike na watu wa shamba," Bakari akasema. Sauti ilimtoka kwa shida. Wengine waliguna, kisha mmoja baada ya mwingine wakakubali.

Usidhani basi hospitali ilijengwa kesho yake. Siku yangu ilifika hakuna hata tofali, maji yamefurika, kivuko kimelala ng'ambo. Mamako nilimzaa ndani ya mtumbwi katikati ya mto, mavyaa kanishika mgongo anasoma kila dua aliyoijua. Zahanati ilikuja baadaye sana, kati yetu na kile kijiji cha minazi, na mavyaa alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mamako alikwenda pale kujifungua kwa miguu yake, tunapiga soga njiani. Aliyekwenda kumzaa ni wewe.

Sasa sikia. Watu wakikujibu upesi, tena kwa majigambo, usiandike bado. Zunguka uani kwa wanawake. Waulize mgonjwa hupita njia gani, na mto ukijaa hufanyaje. Mambo ya msikiti na makaburi wasikilize kwa adabu, kwa sababu ni kweli yao, lakini usiishie hapo. Ukikosea, mwanangu, hutajua. Wewe utapanda gari uende zako, na kuna mtu atabaki ufukweni anangoja. Hilo ndilo linalonitia hofu juu ya kazi yako, wala sitakuficha.

Haya, lete kichwa nikuombee. Mola akupe subira ya kuuliza mara ya pili. Akulinde njiani na majini. Na kila mwenye mimba utakayempangia upande wake, Mola amfikishe hospitali kabla mtoto hajalia.