Mita nne za Mama Futi

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla waogeleaji hawajafika, Mama Futi anapiga magoti mlangoni kwake na kubana mwanzo wa utepe wa kupimia kwenye kizingiti. Wifi yake anauvuta kinyumenyume kuelekea ukingo wa ufukwe.

"Wifi, angalia nyuma! Ukitumbukia, kaka yangu atanidai mke."

"Akudai tu. Mimi nitakuwa nimepumzika na hii kazi," anajibu wifi, kisha anasoma: "Mita kumi nukta nne."

Wiki iliyopita ilikuwa kumi na moja. Mama Futi anaiandika namba hiyo daftarini.

Ni dobi wa miaka hamsini na mbili. Nyumba hii ya vyumba viwili aliijenga kwa kufua shuka za watu. Kwa miaka sita, kila Jumamosi, wawili hawa wamejitolea kupima ufukwe unavyoliwa na maji, bila kulipwa hata nauli. Daftarini kuna pia mistari ya kuhesabia malori ya mchanga, na watu wanaoteremkia kwenye ukingo na kuuporomosha wakati ngazi ziko hatua chache tu kutoka hapo.

"Siku moja nilihesabu watu mia tatu na kumi," anasema. "Ukiwakataza, wanakuuliza kama ufukwe ni wa baba yako."

Zamani walipima kuanzia kigingi cha zege kilichosimikwa na ofisi ya ufukwe. Mwaka jana mafundi wa njia ya watembea kwa miguu walikiona kimewakalia vibaya. Waliking'oa, wakakisimika upya upande wa nchi kavu, wakakipaka na rangi. Jumamosi iliyofuata utepe ulisoma mita ishirini na sita badala ya ishirini na mbili.

Mama Futi aliona wazi kigingi kimehama. Lakini kwenye mafunzo ya ofisi hiyo waliambiwa waandike namba wanayoiona na maoni wayapeleke ofisini kwa mdomo. Akaandika ishirini na sita. Jumatatu akaenda kusema.

"Waliniitikia vizuri, wakanipa na kiti," anakumbuka. "Kumbe hakuna aliyeandika hata neno."

Miezi miwili baadaye taarifa ilibandikwa ubaoni: ufukwe umeongezeka mita nne. Malori yaliyokuwa yamezuiwa yakaruhusiwa tena kuchota mchanga, mbele ya nyumba yake. Alipokwenda na daftari lake kulalamika, ofisa alilifungua mbele yake.

"Akaniambia, 'Mama, si mwandiko wako huu?' Nikasema ni wangu."

Msimu wa mawimbi makubwa ulipofika, jiko lake la nje lilikwenda na maji, masufuria na kila kitu. Inauma, na inauma zaidi kwa kuwa ukurasa uliomponza aliujaza yeye, kwa utii.

Ndiyo maana sasa anapimia kizingitini. "Hiki wakikihamisha nitajua, maana nalala nyuma yake."

Mwezi ujao ofisi itakutana na wakazi. Anapanga kwenda na daftari zima. Pembeni mwa ile ishirini na sita ameshaongeza kwa wino mwekundu: kigingi kilihamishwa. Anataka wayasome maneno hayo mbele ya watu, kisha wayaondoe malori.

Lori la kwanza linanguruma kuteremka ufukweni. Mama Futi anachora mstari mmoja.

"Naomba tu wanisikilize," anasema, "wakati bado nina kizingiti cha kupimia."