Nilivyovipamba Vitabu vya Madaktari

Hakuna duka mjini Suneka linaloshinda langu, na malori yangu mawili nimeyanunua kwa jasho, sikusaidiwa na mtu. Lakini tangu utoto nimetamani kitu kimoja ambacho duka haliuzi: kuketi na watu wa vitabu, waniite mwenzao.

Basi niliposikia chama cha watunza maktaba za hospitali kinakutana hapa jirani, Kisii, nikawatolea kabati la vioo la kuwekea vitabu vya madaktari. Katibu wao, Bi. Kerubo, alifurahi sana. "Omogaka, mzee wetu, kesho nitaomba wanachama wakupokee uwe mlezi wetu." Usingizi ulinikataa.

Asubuhi nilifika kwenye maktaba ya hospitali kabla yao. Vitabu vilikuwa vimeshaingia kabatini, lakini aibu gani hii! Kinene kando ya chembamba, chekundu kando ya kijani. Duka langu halikai hivyo. Nikavua koti, nikaweka vyekundu juu, vya kijani katikati, vyeusi chini. Kabati likapendeza kama dirisha la kanisa.

Wakaingia. Bi. Kerubo akashika mdomo. "Nani amepanga hivi?"

"Ni mimi, madamu!" nikasema kwa sauti, nikingoja makofi.

"Jana hadi usiku tumevipanga kwa magonjwa! Daktari akitaka kitabu cha surua, tutakipata wapi?"

"Kina rangi gani?"

Wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaniuliza polepole, "Omogaka, shule uliachia darasa la ngapi?"

Mbele ya wale wote niliotamani waniite mwenzao, nikajibu, "La pili."